Mtazame Mdudu kwa Karibu Kabla ya Kununua Dawa

Mvua za mwezi wa Mei zinapokolea katika kilima cha Arua, mahindi yaliyopandwa nyuma ya nyumba huwa yamekwisha kufika magotini. Chukua mfano wa mama anayetoka alfajiri kuchuma dodo kwa ajili ya mboga ya mchana. Akipita kando ya mahindi anaona majani yamejaa matundu, na ndani ya moyo wa mmea mna uchafu kama unga wa mbao uliolowana. Jirani anamtajia dawa moja, na mwenye duka anamtajia nyingine. Jioni bustani nzima inanyunyiziwa: mahindi, dodo, bamia, hata maua ya kunde ambamo nyuki walikuwa wakifanya kazi yao. Wiki moja baadaye matundu yameongezeka, fedha imekwenda, na watoto hawana mboga ya kuchuma bila wasiwasi.

Mama huyo amepiga kabla ya kupeleleza, kosa ambalo askari yeyote angelikemea.

Chombo cha upelelezi, hata hivyo, aghalabu kimo mfukoni mwake. Zamani picha ya mdudu kwa karibu ilikuwa kazi ya mabingwa wenye lenzi maalumu, tena mkanda mmoja wa filamu ulikuwa na picha 36 tu, wala hazikuonekana mpaka zisafishwe. Leo simu ya mkononi hupiga picha mia bila gharama ya filamu, na picha iliyotoka vizuri inaweza kukuzwa kwa vidole viwili hadi miguu ya siafu ihesabike.

Mharibifu anayefaa kutafutwa kwanza katika mahindi ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata Serikali ya Uganda ilithibitisha kuwa amekwisha kuingia nchini. Kichwani ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu viwavi wengine wa ukoo wake nao huwa na alama inayofanana na hiyo. Picha ipigwe na upande wa mkiani pia: katika pingili ya pili kutoka mwisho mna madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Doa hizo ndizo cheo chake begani. Mdudu huyu ni mkatili hata kwa nduguze, huwala, ndiyo maana mara nyingi hukutwa mmoja tu mnene ndani ya mmea mmoja.

Picha ya namna hiyo inadai utulivu. Wakati mzuri ni asubuhi na mapema, kwani mdudu hana joto lake mwenyewe, na kabla jua halijampasha huwa mzito wa kukimbia. Simu isisogezwe mno. Nyingi hushindwa kuona sawasawa zikiwa karibu kuliko upana wa kiganja. Ni afadhali kurudi nyuma kidogo, kisha kuikuza picha baadaye. Kadiri mtu anavyokaribia, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyozidi kuwa nyembamba, pengine milimita chache tu, kwa hiyo ubavu wote wa mdudu uelekee kwenye lenzi. Viwiko vibanwe mbavuni, pumzi itolewe nusu na kuzuiwa, ndipo kidole kiguse. Mwenye kulifahamu zoezi la kulenga shabaha hahitaji mwalimu hapa. Jua kali huleta vivuli vyeusi. Kivuli cha mwembe, pamoja na karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga upande wa pili, hutosha kabisa. Sarafu au kijiti cha kibiriti kikiwekwa kando huonyesha ukubwa wa mdudu.

Kamera hiyo hiyo itafichua marafiki wanaouawa kwa sura zao. Yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi anapendwa na watoto, lakini mtoto wake mwenyewe hana uzuri huo: ni mweusi, ana miguu sita na umbo la mamba mdogo, na wengi humponda wakimdhania adui. Kumbe mzazi na mtoto wote hula vidukari, wale wanaonyonya utomvu wa kunde. Tena yuko nzi wa maua aliyevaa mistari ya nyuki. Picha ikikuzwa itaonekana ana mbawa mbili, na nyuki ana nne. Buu wake naye, katika jamii nyingi za nzi hao, hula vidukari. Katika mkoa wa West Nile, ambako asali ni chakula na ni biashara, kunyunyizia sumu juu ya maua ni kujinyang'anya mwenyewe.

Picha ikishapatikana ipelekwe kwa bwana shamba au bibi shamba wa mahali hapo. Serikali pia ina taasisi ya utafiti wa kilimo ya Abi, karibu na Arua, inayohudumia eneo la West Nile. Familia zinazoishi kambini zikumbuke jambo moja: picha ionyeshe jani na mdudu basi, pasiwepo lango, gari wala jengo nyuma yake, na ruhusa ya kambi iombwe kwanza. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na huduma hiyo yafaa izimwe.

Ikithibitika kuwa ni kiwavijeshi vamizi, bustani ndogo inaweza kuokolewa kwa mikono. Mayai hutagwa kwa mafungu, mara nyingi mia moja hadi mia mbili pamoja, yakiwa yamefunikwa vinyweleo vya kijivu kama ukungu, na huanguliwa baada ya siku chache. Jani lenye mayai lipondwe, na viwavi waokotwe mmoja mmoja. Wakikua huzama ndani ya moyo wa mmea, ambako dawa haiwafikii kwa urahisi. Picha za mayai zihifadhiwe na tarehe zake, ili mahindi ya msimu wa pili yatakapochipua, mama ajue ni wiki ipi ya kuanza kuyageuza majani.