Saluni Dodoma: Chokaa ya maji yala faida ya dawa

MTEJA aliyetiwa dawa ya nywele Jumamosi anarudi Jumatano akilalamika: nywele zimekuwa kavu kama makumbi, hazing'ai, na kila akichana zinakatika. Mwenye saluni anamfanyia stima ya bure ili asimpoteze. Kisha anakwenda dukani kubadili aina ya dawa, na pengine kugombana na muuzaji. Wiki mbili baadaye malalamiko ni yaleyale, safari hii kwa mteja mwingine.

Katika miji inayotegemea maji ya visima virefu, hasara ya namna hii ni ya kawaida mno kiasi kwamba wengi hawaiandiki hata kwenye daftari la matumizi. Lawama humwangukia muuza vipodozi au fundi aliyeshika kitana. Bomba halihojiwi.

Dodoma ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi mji huo umetegemea visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na wenyeji wanaujua ugumu wa maji yake kwa ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, walihamia watumishi wengi kutoka Dar es Salaam, ambako maji ya bomba hutoka hasa Mto Ruvu. Wateja hao walikuja na vichwa vilivyozoea maji mengine. Dawa ni ileile, shampuu ni ileile, matokeo si yaleyale.

Maji huwa magumu kwa sababu ya kalsiamu na magnesiamu. Mvua huanguka bila madini hayo. Maji yakipenya ardhini na kukaa kwenye miamba huyayeyusha na kuyabeba. Kipimo chake hutajwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, katika lita moja ya maji. Yaliyo chini ya 60 huitwa laini, na yanayozidi 180 huhesabiwa kuwa magumu sana. Si ugonjwa. Mtu anaweza kuyanywa maisha yake yote bila madhara. Tatizo lake ni la kibiashara, na huanzia kwenye sabuni.

Tuchukue maji yenye ugumu wa 300 kama kielelezo. Dumu la lita 20 litakuwa na gramu 6 za chokaa. Gramu moja ya chokaa huharibu takriban gramu 6 za sabuni ya kawaida kabla povu halijatokea, maana sabuni hiyo hugeuka kuwa utando mzito unaogandia beseni na taulo. Kwa hiyo dumu moja humeza karibu gramu 37 za sabuni bila kusafisha chochote. Mwenye saluni anayeshangaa taulo zake nyeupe kuwa za kijivu na ngumu kama gunia baada ya miezi michache anaweza kuanzia hapo hesabu yake.

Shampuu za viwandani hazigandi hivyo, kwani nyingi hazitengenezwi kwa sabuni. Hata hivyo, madini hayaondoki. Unywele una sehemu nyingi ndogo zinazovuta kalsiamu, na ukishatiwa dawa kali sehemu hizo huongezeka, magamba ya juu yakafunguka, ukawa kama sifongo. Kila unapokauka, maji huenda zake na madini hubaki, kama madoa ya glasi iliyoachwa kukauka yenyewe. Baada ya kuoshwa mara kadhaa, mafuta na kondishena hukaa juu ya tabaka hilo badala ya kushika unywele. Rangi nayo hushika kwa mabaka.

Je, nywele hudhoofika kweli, au ni sura tu? Wataalamu hawajakubaliana. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 haukuona tofauti ya maana katika nguvu ya unywele uliooshwa kwa maji magumu. Mwingine wa mwaka 2018 kutoka Pakistan uliona nguvu ikipungua. Kwa mwenye saluni jibu si la lazima sana. Mteja anayehisi ukavu anahama, utafiti uwe umesema nini.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalielezi, nalo linahusu boksi lenyewe. Dawa za kulainisha nywele ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza hutumia sodiamu haidroksaidi na huja tayari kwenye kopo. Ya pili, yenye maandishi "No Lye", huuzwa sana kwa sababu haiunguzi ngozi ya kichwa upesi, na ndani ya boksi huwa na vitu viwili vya kuchanganya: krimu yenye kalsiamu haidroksaidi na kichupa cha guanidini kaboneti. Vikichanganywa, hutokea dawa inayonyoosha nywele, na pamoja nayo hutokea kalsiamu kaboneti. Ni chokaa ileile ya kwenye birika, imetengenezwa juu ya kichwa cha mteja.

Basi mteja wa Dodoma anayetiwa dawa ya boksi hupokea chokaa mara mbili, moja kutoka kwenye krimu na nyingine kutoka kwenye maji ya kuisuuza. Hapo ndipo fundi hodari anapoonekana hajui kazi. Kurudi kwenye dawa ya kopo huondoa sehemu moja ya tatizo, ila huongeza hatari ya kuunguza ngozi, na mteja aliyeungua hasamehi kama aliyekauka nywele. Uamuzi huo si mwepesi, na hauwezi kufanywa kwa bei pekee.

Soko la tiba nalo lina mitego. Shampuu za "usafi wa kina" huondoa mafuta na mabaki ya jeli. Chokaa huiacha mahali pake. Inayofaa ni ile yenye kiungo cha kunasa madini, na kinachotumika sana ni EDTA. Kulikuta jina hilo kwenye lebo hakutoshi, kwa kuwa shampuu nyingi za kawaida hutiwa kidogo sana ili zisiharibike mapema. Likiwa mwishoni kabisa mwa orodha ya viambato, mnunuzi asitarajie makubwa. Shampuu maalumu hazipatikani kila duka na bei yake ni ya juu. Saluni yenye busara huitumia mara moja kwa mwezi kwa mteja, au kabla ya kutia rangi, na kuiandika kama huduma inayolipiwa.

Vichujio vidogo vya kufunga kwenye bomba la kuogea pia vimeingia sokoni. Vyenye mkaa hupunguza harufu ya klorini, basi. Ugumu haviugusi. Mtambo wa kulainisha maji upo, hufanya kazi kweli kwa kubadilisha kalsiamu na sodiamu na husafishwa kwa chumvi ya kawaida, lakini kwa saluni ya fremu moja mtaji wake ni mzigo.

Tiba ya bei nafuu iko jikoni. Siki huyeyusha chokaa: anayetaka kuhakikisha aimwage kidogo kwenye ukoko wa birika aone ikichemka kwa mapovu. Kijiko kimoja cha chakula katika lita moja ya maji, kikapitishwa kwenye nywele baada ya shampuu na kusuuzwa, kinatosha. Kwa nywele zilizotoka kutiwa dawa siku hiyo, siki haichukui nafasi ya shampuu ya kuzima dawa inayokuja na boksi. Hiyo hutangulia daima. Na kichwa chenye vidonda hakiguswi kwa siki.

Yapo pia maji yenyewe. Kuchemsha hupunguza sehemu ya ugumu, chokaa ikatua chini, ila dumu la lita 20 huhitaji takriban uniti 1.7 za umeme kufikia mchemko, bila kuhesabu joto linalopotea. Anayechemsha maji yote ya kazi atakuwa anaifanyia kazi kampuni ya umeme. Hesabu hubadilika ukichemsha, au ukinunua, maji ya msuuzo wa mwisho tu. Maji hayo ndiyo yanayokaukia kichwani, na lita nne zinatosha kichwa cha kawaida.

Hapo mvua ya Dodoma, japo chache, inaingia kwenye biashara. Kwa mwaka hunyesha wastani wa milimita 570 hivi, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba kwa hiyo hupokea zaidi ya lita 28,000 kwa mwaka, na hata zikipotea nyingi njiani, tangi la lita 2,000 litajaa mara kadhaa msimu mmoja. Kwa lita nne kila mteja, tangi moja lililojaa ni misuuzo 500. Saluni yenye wateja sita kwa siku itakwenda nalo siku 83 za kazi.

Dar es Salaam si salama sana pia. Visima vingi vya mitaani huko vina chumvi, na baadhi vina ugumu juu yake. Wakati wa ukame wa mwaka 2022, Ruvu ilipopungua na mgawo ukaanza, saluni nyingi ziliingia kwenye maji ya visima na ya maboza bila kuuliza yametoka wapi. Mwenye boza haulizwi ugumu. Huulizwa bei na muda wa kufika.

Hata wanaopanga fremu mpya hukagua kodi, luku na wingi wa watu wanaopita, kisha hufungua bomba kuona tu kama yanatoka. Kipimo cha awali hakina gharama. Chukua chupa mbili za nusu lita, moja ijazwe nusu kwa maji ya bomba hilo na nyingine kwa maji ya mvua. Kila moja itiwe kipande kidogo sawa cha sabuni ya mche, zitikiswe pamoja kwa nusu dakika. Povu likijaa upande wa mvua huku upande wa bomba ukibaki na maziwamaziwa yenye utando, mpangaji amwulize mwenye nyumba, kabla ya kusaini, kama anaruhusu kufungwa mfereji wa bati na tangi nyuma ya fremu, na nani atalipia.