Waya wa kukata povu: umeme wake utoke wapi?

Vijana wetu hapa Kampala wanakata herufi za mabango na mapambo ya harusi kwa povu jeupe, lile linalofungia televisheni ndani ya katoni. Kisu kinalimeng'enya. Waya wa koili ya jiko la umeme ukipata moto unapita laini kabisa.

Kazi iko kwenye umeme. Mama, baba, ukiona kijana anauchomeka waya huo ukutani moja kwa moja, mzuie hapo hapo! Ni volti 240 na waya uko wazi. Akiugusa anaweza kufa, na wengi wetu tunaishi chumba kimoja na watoto.

Mimi nilianza na transfoma ya redio ya zamani. Volti 12 ilikuwa nazo, lakini ampea 1 tu, ikanuka, ikaungua. Chaja ya simu ndiyo dhaifu zaidi. Waya wa unene wa milimita 0.4, urefu sentimita 60, kwa volti 12 unakula kama ampea 2.3. Kwa hiyo uliza transfoma ya ampea 3 kwenda juu, ama tumia betri ya boda. Betri inafanya kazi hata yaka ikiisha, ila weka fyuzi ya ampea 5, maana nyaya zikigusana zinaweza kuwasha nyumba.

Waya ukiwa mwekundu umezidi moto: tumia mrefu zaidi. Katia nje, moshi si mzuri. Sponji ya godoro usiikate hivyo, moshi wake ni sumu.