Ubao Mpana Juu ya Theluji ya Unga

Masika yakikolea, waendesha bodaboda wa Buhemba hawabishani na tope la mbugani. Gurudumu likizama nusu, abiria anashuka, unatafutwa ubao, unalazwa mbele ya tairi, pikipiki inaupanda na kutoka. Pikipiki haikupungua hata gramu moja. Uzito uleule uliokuwa umekalia kipande cha tairi chenye ukubwa wa kiganja sasa umetandazwa juu ya ubao mzima, na tope limeweza kuubeba.

Skii pana, zile mbao ndefu ambazo wachezaji wa nchi za baridi hujifunga miguuni ili wateleze kwenye theluji, ni ubao huohuo. Kijana mmoja wa hapa alinionyesha kwenye simu yake mtu akishuka mlima kwa kasi, theluji imemfika mapajani, naye anapeta. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu mbona hazami?" Nilimjibu kwa haraka na kwa ufupi mno. Nalipa deni hilo hapa.

Tuanze na hesabu. Chukua mtu ambaye pamoja na nguo na vifaa vyake ana kilo 80. Kiatu chenye urefu wa sentimita 30 na upana wa 10 kina eneo la sentimita za mraba 300, viwili 600. Akisimama hivyo, kila sentimita ya mraba inabeba gramu 133 hivi. Mfunge skii nyembamba za mbio za masafa, tuseme sentimita 190 kwa 4.5, mzigo huo unashuka hadi gramu 47. Mfunge skii pana za sentimita 180 kwa 12, unafika chini ya gramu 19. Ni mtu yuleyule, lakini theluji inamsikia kuwa mwepesi mara saba kuliko alipokuwa na viatu vitupu.

Hata hivyo, akisimama tu atazama. Theluji mpya iliyokauka ni nyepesi ajabu: mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu, ilhali maji ya ujazo huo yana kilo 1,000. Sehemu kubwa ni hewa iliyonaswa katikati ya chembe, kama unga uliochekechwa sasa hivi. Kinachomaliza kazi ni mwendo. Watoto wa Musoma wanalijua hili bila kufundishwa: jiwe bapa ukilirusha kwa kulilaza juu ya ziwa linaruka mara nne, mara tano, na likiisha kasi linazama. Jiwe halikuwa jepesi kuliko maji hata mara moja. Uso wake bapa uliyasukuma maji chini, nayo yakalisukuma juu. Skii pana inaisukuma theluji vivyo hivyo.

Mmarekani Shane McConkey, mwanaskii, aliliona hilo vizuri kuliko wenzake. Mwaka 2001 alichukua mbao za kutelezea juu ya maji, akapanda nazo milima ya Alaska na kushuka nazo kwenye theluji. Mwaka uliofuata kampuni ya Volant ikatoa skii aliyoibuni, pana milimita 125 chini ya kiatu, ncha zote mbili zimepinda kwenda juu kama omo la mtumbwi. Waliiita Spatula, jina la chombo bapa cha jikoni, ndugu wa mwiko wetu. Kabla yake, mwishoni mwa miaka ya 1980, Rupert Huber wa kampuni ya Atomic nchini Austria alikuwa tayari amefungua njia ya skii pana. Lakini umbo la Spatula ndilo lililobadilisha fikra za mafundi: ncha iliyoinuka haijichimbii, inapanda.

Mpaka hapo mtu angesema basi, kadiri skii inavyozidi upana ndivyo inavyozidi ubora. Hapo ndipo majaribio mengi ya skii yanapokosea. Skii inajaribiwa asubuhi moja kwenye theluji ya unga inayofika magotini, anayejaribu anarudi akicheka, sifa zinaandikwa. Unga hudumu kwa saa chache. Unachakazwa na watu, unapigwa jua, unalowa, usiku unaganda. Mwenye skii atakutana na hali hizo zote kabla juma halijaisha.

Kwenye theluji ngumu, skii haielei tena; inashika kwa makali ya chuma yaliyo pembeni mwake. Ili yaume, lazima skii ilazwe ubavu. Skii ya mashindano ya kona ina upana wa milimita 65 hivi, kwa hiyo makali yako kama sentimita 3 kutoka katikati ya kiatu. Kwenye skii ya milimita 120 yako sentimita 6. Nguvu ya mteremko inapata mtaimbo mrefu mara mbili wa kuugeuza mguu, na goti ndilo linalolipa. Kuhama kutoka kona moja hadi nyingine kunachelewa, na jioni mapaja yanawaka.

Theluji ya ukoko ni mtihani mwingine. Juu kuna utando uliokakamaa, chini kuna unga. Aliyekulia karibu na visusu vya dhahabu, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, anaielewa vizuri: juu panaonekana pamekauka, mtoto anapita, mtu mzima anatumbukia. Hapa upana unasaidia kweli, kwa sababu mzigo unagawanyika na utando hauvunjiki upesi. Theluji iliyolowa ndiyo isiyotabirika. Inanata chini ya skii, na uso mpana unapata sehemu kubwa zaidi ya kunaswa. Nta inayopakwa chini yake, isipoendana na joto la siku hiyo, inaweza kuifanya skii nzuri ionekane mbovu.

Kwa hiyo jaribio la haki linataka mtu yuleyule, viatu vilevile, mteremko uleule, makali yaliyonolewa sawa na nta iliyopakwa sawa, kisha theluji ndiyo ibadilike. Saa lazima iandikwe. Majira ya kuchipua, mteremko ulio kama kioo saa mbili asubuhi unakuwa uji saa nane mchana. Anayejaribu jozi ya kwanza asubuhi na ya pili mchana amelinganisha saa, hajalinganisha skii.

Upana wa skii hufuata mahali pake. Mkenya Philip Boit alipoingia mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, alivaa skii nyembamba, kwa kuwa njia ya mbio hizo hushindiliwa kabla. Alimaliza wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25.5, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akabaki kwenye mstari kumsubiri na kumkumbatia.

Msomaji aliye Oslo, Calgary au Denver, usinunue kwanza. Kodi jozi mbili siku moja, moja ya milimita 85 na nyingine ya 115, uzibadilishe kila saa kwenye mteremko mmoja. Ukiweza, rudi siku ambayo theluji ni mbaya, maana siku hiyo ndiyo itakayokuambia mengi. Na kama uwezo wako ni wa jozi moja tu kwa msimu mzima, chukua ya milimita 95 hadi 100. Ile ya 120 mwachie mwenye jozi nyingine nyumbani.