Maharagi ya kurudisha damu: tusiuze yote

Wandugu wakulima, kila mavuno tunapima maharagi, gari inapakia, nyumbani inabaki bugali ya mihogo. Kiisha mama mwenye mimba anaanza kuchoka, kizunguzungu, moyo unapiga mbio akipanda kilima. Ukivuta kope ya chini, ndani ni nyeupe. Hiyo ni damu kupunguka. Akitoka damu nyingi wakati wa kuzaa, anaweza kufa.

Maharagi iko na madini ya chuma, ile waganga wanaita fer. Yaloweke usiku mzima, mwaga yale maji, kisha pika. Kula pamoja na ndimu, chungwa ao papai, mwili utapata chuma zaidi. Ongeza lengalenga na ndagala. Chai isubiri saa moja ao mbili, maana inazuia chuma kuingia mwilini.

Lakini kwa mwenye mimba chakula peke yake hakitoshi. Ameze kila siku vidonge vya chuma alivyopewa kwenye kituo cha afya. Choo ikikuwa nyeusi, asiogope, asiache. Apimwe pia malaria na minyoo, nazo zinamaliza damu.

Mavuno haya, mbele ya kwenda kwenye mizani, tenga kwanza mfuko wa nyumba.