Ruzuku ya Maji Simiyu: Fedha Hujenga Bomba, Kingo za Mto Hulindwa na Wananchi

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Wananchi wa Mkoa wa Simiyu wamekuwa wakisikia katika matangazo ya Serikali kuhusu fedha za ruzuku zinazoelekezwa kwenye sekta ya maji. Makala haya yanaeleza ruzuku ni nini, inagharamia mambo gani, na kwa nini mafanikio yake yanategemea pia hali ya Mto Simiyu.

Ruzuku ni nini?

Ruzuku ni fedha zisizorejeshwa, tofauti na mkopo ambao hulipwa kwa awamu. Hata hivyo, haitolewi bila masharti. Hutumika kwa kazi zilizoainishwa katika mkataba pekee, na matumizi yake hukaguliwa. Zikitumika kinyume cha makubaliano, mtoaji anaweza kudai zirudishwe.

Fedha zilizoidhinishwa

Mwaka 2017, Mfuko wa Kijani wa Tabianchi (GCF) uliidhinisha ruzuku ya Euro milioni 102.7 kwa ajili ya mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi mkoani Simiyu, wenye thamani ya jumla ya takriban Euro milioni 142.7. Kiasi kilichobaki kinatokana na michango ya Serikali ya Ujerumani kupitia Benki ya Maendeleo ya nchi hiyo (KfW), Serikali ya Tanzania na wanufaika wenyewe.

Mradi huo unalenga kuchota maji ya Ziwa Victoria na kuyafikisha katika wilaya za Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Unahusu pia usafi wa mazingira na kilimo kinachohimili ukame.

Kabla ya hapo, bonde la Mto Simiyu lilihusishwa katika awamu ya pili ya Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria (LVEMP II), iliyoanza mwaka 2009 na kukamilika mwaka 2017. Awamu hiyo iligharamia miradi midogo iliyoibuliwa na jamii.

Uhusiano wa mto na bomba

Mto Simiyu huanzia upande wa nyanda za Serengeti na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, wilayani Magu, Mkoa wa Mwanza. Ufukwe wa Busega nao upo katika ghuba hiyo hiyo. Hivyo, uchafu unaoingia mtoni huku juu huelekea katika ziwa lile lile linalotegemewa kuwa chanzo cha maji ya mkoa.

Mto huu ni wa msimu. Kiangazi mkondo hupungua na wananchi hufukua mchanga kupata maji. Mvua zikinyesha, hushuka kwa kasi ukibeba udongo. Pale ambapo kingo zimelimwa au kukanyagwa na mifugo, udongo unaobebwa huwa mwingi zaidi. Udongo huo hubeba virutubisho vinavyostawisha mwani na magugu maji, na kwa kuwa Simiyu ni mkoa wa pamba, mabaki ya viuatilifu nayo yanaweza kusombwa. Kadiri maji yanavyochafuka, ndivyo gharama ya kuyasafisha inavyopanda, na gharama hiyo hatimaye humfikia mtumiaji.

Wajibu wa mwananchi

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri uhifadhi wa eneo hilo. Kwa hiyo, mwananchi anashauriwa:

• kuacha uoto wa asili katika eneo hilo;
• kunywesha mifugo kwenye malambo au mabirika badala ya kuishusha mtoni;
• kutoosha pampu wala vifungashio vya viuatilifu mtoni;
• kuendeleza ngitili, ambazo wazee wetu wamezitumia kutunza malisho na ardhi.

Mwananchi anayeona uchafuzi atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Masuala ya huduma ya maji vijijini yawasilishwe kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) wilayani.

Kila mradi wa ruzuku una tarehe ya mwisho. Mkataba ukifungwa, hautapatikana mfuko wa kulipia kila msimu udongo unaoporomoka mtoni. Kazi hiyo itabaki kwa wanaoishi kandokando ya mto, na inaweza kuanza sasa bila kusubiri fedha.