Aliyeagiza naye ni mzalishaji

Ganjoni, jijini Mombasa, si mtaa wa viwanda, ni mtaa wa ofisi. Kuna mawakala wa forodha, wasafirishaji, na wafanyabiashara wanaoagiza ndoo, viatu, vyombo na vifaa vya umeme kutoka Guangzhou, Mumbai na Dubai, kwa kuwa bandari ya Kilindini iko hapo jirani. Hata hivyo, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, wengi wao ni wazalishaji. Sheria hiyo humhesabu hivyo yeyote anayeingiza bidhaa au vifungashio katika soko la Kenya, awe ametengeneza, ameagiza, amejaza au amebandika nembo yake tu. Aliyeleta kontena la ndoo anatwishwa wajibu uleule wa mwenye kiwanda cha ndoo: ajisajili kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ajiunge na shirika la wazalishaji au awe na mpango wake mwenyewe, na aigharamie bidhaa hata ikishakuwa taka.

Kanuni za utekelezaji zilichapishwa Novemba 2024. Miezi michache kabla yake, ushuru wa mazingira uliokuwamo kwenye Mswada wa Fedha ulikuwa umezikwa pamoja na mswada wenyewe, Rais alipokataa kuutia saini tarehe 26 Juni. Aliyedhani gharama za taka zimekwenda na ushuru ule alishangilia mapema.

Uzito wa jambo lenyewe uko kwenye muundo wa bidhaa, kwani ndio unaoamua kama taka yake itarejelezeka kwa urahisi. Chukua chupa ya soda. Mwili wake ni plastiki ya aina moja, kifuniko ni ya aina nyingine, na lebo huenda ikawa ya tatu. Chupa nyeupe inayopitisha mwanga, yenye lebo inayobanduka kwa urahisi, ina soko zuri kwa wanaorejeleza. Ya rangi haipati bei hiyo, kwani rangi haitoki. Ndiyo maana Coca-Cola ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaiacha chupa ya kijani ya Sprite huko Marekani. Kampuni kubwa ikiamua, imeamua. Mfanyabiashara wa Ganjoni anayeleta makontena mawili kwa mwaka atamwambia nini mwenye kiwanda wa Guangzhou? Pengine atajibiwa achukue kilichopo au aende kwingine.

Mombasa imeshaonja sheria za aina hii. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo, Chama cha Wenye Viwanda kilikuwa kimeonya kwamba kampuni 176 na ajira 60,000 ziko hatarini. Mifuko laini kama kitambaa, yenye vishikio, ikachukua nafasi madukani. Machi 2019 NEMA ikaitangazia hiyo nayo marufuku: ilikuwa myepesi mno, ikichanika na kutupwa upesi, na viwango vya ubora vilikuwa havijafuatwa. Mwaka 2017 serikali ilisema wazi isichokitaka. Unene na uimara inaoutaka ulikuja kujadiliwa watu wakiwa wamekwisha kuagiza. Kwa mwenye mzigo ulioko baharini, mpangilio huo ni hasara tupu, na sioni sababu ya kuurudia.

Mzigo unaotoka nao una mashaka yake. Kwenye Nyerere Avenue ndipo kilipo Kituo cha Biashara ya Chai, makao ya mnada ulioanza mwaka 1956 na unaouza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine. Chai husafirishwa kwa magunia ya karatasi ya tabaka kadhaa, mara nyingi yenye bitana ya alumini ili unyevu usiingie. Bitana hiyo ndiyo inayoitunza chai baharini, na ndiyo hiyohiyo inayowasumbua wanaorejeleza karatasi. Kanuni mpya ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya inataka kila kifungashio kinachoingia soko lake kiwe kinarejelezeka kuanzia mwaka 2030. Mnunuzi mkubwa wa chai yetu ni Pakistan, kwa hiyo mnada hautafungwa kwa sababu ya gunia. Lakini mfungashaji hatapenda kuwa na gunia la Karachi na jingine la Hamburg.

Njia ya kupunguza maumivu ipo tayari. Tangu 2005 KEBS, shirika la viwango la Kenya, imekuwa ikitaka bidhaa nyingi zikaguliwe nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa, na mwagizaji wa Mombasa anakijua vizuri cheti cha ukaguzi huo. NEMA ikae na KEBS, masharti ya plastiki, rangi na lebo yaandikwe kwa lugha ya kiwandani na yaingizwe kwenye ukaguzi huohuo. Na wewe unayeagiza, usingoje wakubaliane: andika kwenye oda yako aina ya plastiki na rangi unayotaka, kabla hujalipa arubuni.