Tusiseme "Ni Uzee Tu"

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kutazama mashamba. Lakini siku moja huku Matombo, shamba lilinionyesha shida ya mtu.

Nilipanda mlima kumtembelea bibi mmoja. Shamba lake la migomba lilikuwa limejaa majani. Mbaazi zilikuwa zimekauka bila kuvunwa. Nikasema moyoni, "Bibi huyu amekuwa mvivu."

Nilimkuta amekaa barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Alitaka kuinuka anipe kigoda. Akashika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili. Akainuka kidogo, akarudi chini. Mara ya tatu ndipo aliposimama. Niliona aibu. Bibi hakuwa mvivu. Mjukuu wake akaniambia, "Ni uzee tu."

JE, NI UZEE TU?

Hapana. Tazama kijijini kwako. Wazee waliozaliwa mwaka 1955, mwaka wa fujo za matuta hapa Matombo, wamefika miaka 70. Mmoja bado anapanda mlima na jembe lake. Mwenzake wa rika lile lile hafiki hata mtoni. Miaka ni sawa, lakini miili si sawa.

Mwili una akiba, kama ghala. Kijana akiugua malaria hutumia akiba yake, kisha hupona. Mzee ambaye ghala lake limepungua, homa ndogo humlaza siku nyingi. Akianguka mara moja, huenda asitembee tena. Huu ndio udhaifu wa uzeeni.

DALILI TANO

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walieleza dalili tano za udhaifu huu:

1. Mzee anakonda bila kutaka.
2. Anachoka upesi kila siku.
3. Mkono hauna nguvu ya kushika.
4. Anatembea polepole kuliko zamani.
5. Ameacha shughuli zake nyingi.

Mzee mwenye dalili tatu au zaidi ni dhaifu. Mwenye moja au mbili yumo njiani. Huyo awahiwe.

UDHAIFU HUTOKA WAPI?

Wazee wa vijijini katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wamepimwa na watafiti. Wazee wa nchi nyingine nyingi wamepimwa pia. Umri una nafasi yake, lakini hauko peke yake. Yapo maradhi, kama shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya viungo. Upo upungufu wa chakula. Upo upweke. Kuna pia kukaa tu bila kutumia mwili.

Rudi kwa bibi yetu. Meno yake yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo alikula ugali na mchuzi tu. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Aliwahi kuteleza kwenye njia ya mtoni. Tangu siku hiyo watoto wake walimwambia, "Mama, kaa, pumzika." Walimpenda. Lakini mguu usiotumika huisha nguvu. Kila siku ya kukaa ilipunguza ghala lake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mpeleke mzee kituo cha afya au zahanati. Apimwe uzito, shinikizo la damu, sukari na macho. Kukonda kunaweza kuwa dalili ya kifua kikuu au ugonjwa mwingine unaotibika. Ukungu wa mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

Pili, mpe chakula cha kujenga mwili. Sisi tunalima kunde, mbaazi na maharage. Asiye na meno pondewa kunde laini. Mpe pia yai au dagaa waliosagwa. Usiuze mayai yote sokoni, ukamwachia mzee mchuzi.

Tatu, mwache mzee afanye kazi anayoiweza. Apukuchue mahindi. Achambue mbaazi. Atembee hadi kwa jirani. Kila siku ainuke kwenye kigoda na kukaa tena, mara tano, kisha mara kumi, mtu akiwa karibu naye.

Nne, tengeneza njia. Chimba ngazi penye mteremko. Mpe mkongojo. Ondoa mawe mlangoni.

Tano, zungumza naye. Mzee anayekula peke yake hula kidogo.

Bibi yule hajarudi shamba la juu, na sidhani kama atarudi. Lakini nilipopita tena alisimama bila kushika nguzo. Alikuwa ametoka kwa jirani. Aliniuliza, "Bwana shamba, umekuja kuona majani yangu?" Tukacheka sote.

Ndugu msomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Leo jioni mtazame mzee wako anapoinuka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Taja dalili tano za udhaifu wa uzeeni.
2. Nyumbani kwako, mzee hula nini, na hula na nani?
3. Ni njia ipi kijijini kwenu inayowaangusha wazee? Mtaitengeneza lini?